Umeahidi Mara Ngapi Kuacha?



Katika kazi ya ukatekista, swali linalorudi mara nyingi kuliko yote si lile la mahari, wala si lile la nani ashike fedha nyumbani. Ni hili: "Mwalimu, nimeahidi mara ngapi kuacha, na mbona bado ninarudia?" Huyu anasema juu ya pombe. Yule anasema juu ya mwanamke aliye naye Karatina, ambaye mkewe hamjui, au anamjua na amenyamaza kwa ajili ya watoto. Mwingine ni kamari ya simu, ambayo imekula bonasi ya chai kabla haijafika nyumbani. Na mama naye, akishahakikisha kwamba hakuna anayesikia, anasema kuwa yeye hanywi wala hatoki nje ya ndoa, lakini ana hasira kama makaa chini ya jivu, na kila jioni yanamtoka maneno ambayo asubuhi anayajutia.

Wote hawa ni Wakristo. Amri za Mungu wanazijua kwa kichwa tangu siku za Komunyo ya kwanza. Wengi wao huungama wakati wa Pasaka na wa Noeli, wanapewa malipizi na wanayatimiza kwa uaminifu. Basi kasoro iko wapi? Je, neema ya sakramenti ni dhaifu? Hasha. Kasoro iko katika namna tunavyopigana. Tunaipiga dhambi kwa viapo na kwa woga, na yule aliyetupenda tunamwacha amekaa kando kama mgeni ambaye hajakaribishwa chai.

SHERIA NI NZURI, LAKINI HAITOSHI

Tuanze na yale tuliyoyaona kwa macho yetu hapa chini ya Mlima Kenya. Mwaka 2010 ilipitishwa sheria ya kudhibiti vileo, ile watu waliyoiita sheria ya Mututho. Baa zikaamriwa zisifunguliwe kabla ya saa kumi na moja jioni katika siku za kazi. Kisha Julai 2015, kwa amri ya Rais, viongozi na wananchi wakaingia mitaani na vijijini katika Nyeri, Murang'a, Kirinyaga na Kiambu, wakamwaga pombe mapipa kwa mapipa. Akina mama walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa maana wengi wao walikuwa wajane ilhali waume zao wangali hai. Lakini Februari 2024, katika kijiji cha Kangai huko Kirinyaga, zaidi ya watu kumi walikufa kwa kunywa pombe yenye sumu, na wengine wakapoteza macho. Sheria ilikuwapo. Polisi walikuwapo. Kiu nayo ilikuwapo.

Sisemi kwamba sheria ni bure. Mwenye kuuza sumu afungwe, na tena afungwe kweli. Ninasema jambo ambalo Mtakatifu Paulo alilieleza zamani katika sura ya 7 ya Waraka kwa Warumi: sheria humwonyesha mtu ubaya wake, lakini haimpi nguvu ya kuuacha. Paulo mwenyewe anajitolea mfano, kwamba lile jema alipendalo halitendi, na lile baya alichukialo ndilo analolitenda. Je, wewe msomaji, hujawahi kujiona katika maneno hayo?

Tuutazame mfano wa nyumbani. Mume ameacha kunywa kwa sababu mkewe ndiye anayepokea malipo ya kahawa na ya maziwa, na kila shilingi ina hesabu yake. Miezi miwili imepita, majirani wanamsifu. Kisha mke anaitwa kwao Mukurweini kwa mazishi ya shangazi yake, anakaa siku tatu. Siku ya pili mume ameonekana mtaroni. Kwa nini? Kwa sababu mtu huyu hakuwa ameacha pombe. Alikuwa amenyang'anywa. Aliyenyang'anywa hungoja mlinzi asinzie.

Mwingine alikuwa na mlinzi wa namna nyingine: woga wa jehanamu. Alisikia mahubiri makali redioni, akatetemeka, akaapa. Kuna wahubiri wanaoipenda mno jehanamu, utadhani wana shamba huko. Woga huo ulimshika wiki tatu, ukapoa, naye akarudi alikokuwa, safari hii akiwa na huzuni kubwa zaidi, kwa maana sasa alijiona amelaaniwa.

Hata hivyo woga tusiudharau kabisa. Kanisa linafundisha kwamba yako majuto yasiyo kamili, ambayo mtu huchukia dhambi kwa sababu ya ubaya wake au kwa kuogopa adhabu. Majuto hayo nayo ni zawadi ya Mungu, na yatosha kumleta mtu katika Sakramenti ya Kitubio. Lakini yako majuto kamili, yanayotoka katika kumpenda Mungu kuliko vitu vyote. Woga ni mlango. Hakuna mtu anayejenga nyumba kisha akaishi mlangoni.

SWALI ALILOULIZWA PETRO

Someni pamoja, mume na mke, sura ya 21 ya Injili ya Yohane. Petro alikuwa amemkana Bwana mara tatu, akiota moto wa makaa uani kwa kuhani mkuu. Baada ya ufufuko Yesu anamngoja ufuoni, na hapo pia pana moto wa makaa, na samaki juu yake. Petro hakukosa kuukumbuka ule moto mwingine. Sasa, Yesu anamwuliza nini? Hamwulizi kwa nini alifanya vile. Hamwambii aape kwamba hatarudia, kwa sababu Petro aliapa usiku ule wa Alhamisi, tena kwa sauti kubwa kuliko wenzake wote, na kiapo hakikufika hata jogoo alipowika. Anamwuliza mara tatu kama anampenda. Juu ya upendo huo anamkabidhi kondoo zake.

Wenye ndoa wanapaswa kulifahamu jambo hili upesi kuliko watu wengine. Mke anapogundua kwamba mumewe ana mwanamke mjini, ni nini kinachomuuma? Si zile elfu mbili zilizotumwa kwa simu. Si kwamba kanuni fulani imevunjwa. Kinachomuuma ni kwamba yule aliyempa maisha yake amempa mtu mwingine kilicho chake. Mungu naye kupitia nabii Hosea alijilinganisha na mume aliyesalitiwa, ambaye badala ya kumfukuza mke wake anakwenda kumtafuta na kusema naye kwa upole. Dhambi ni usaliti wa mtu anayekupenda. Ukishaiona hivyo, huulizi tena "Nikifanya hili nitapata adhabu gani?" Unauliza, "Nitamtazamaje usoni?"

Na angalieni ni nani aliyeanza kupenda. Yule mwanamke mwenye dhambi katika sura ya 7 ya Luka, aliyelia miguuni pa Yesu katika nyumba ya Simoni Mfarisayo, hakununua msamaha kwa machozi. Mfano ambao Yesu alimpa Simoni ni wa wadeni wawili waliosamehewa, na yule aliyesamehewa deni kubwa ndiye anayependa zaidi. Upendo wetu ni jibu. Mtu anayejaribu kujisafisha kwanza ili Mungu ampende ni kama mtu anayetaka kuoga kwanza ndipo aende mtoni.

MFANYAKAZI WA DUBLIN

Wengine watasema, "Mwalimu, hayo ni mazuri ya kanisani, lakini wewe hujui kiu ya pombe." Basi nitawapa mtu aliyeijua.

Matt Talbot alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1856, katika nyumba maskini yenye watoto wengi. Alipokuwa na miaka kama kumi na miwili aliandikwa kazi kwa wauzaji wa mvinyo, na huko ndiko alikojifunza kunywa. Kwa miaka kama kumi na sita alikunywa mshahara wake wote. Aliweka rehani viatu vyake. Pamoja na wenzake alimwibia mpiga fidla maskini wa barabarani fidla yake, wakaiuza wakanywa. Mwaka 1884, akiwa na miaka 28, siku moja alisimama nje ya baa bila fedha, akitumaini kwamba rafiki zake aliokuwa akiwanunulia wangemnunulia naye. Wakampita mmoja mmoja. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba anakwenda kuweka ahadi ya kuacha pombe.

Hapa ndipo penye somo. Ahadi ya kwanza haikuwa ya maisha. Aliiweka kwa miezi mitatu tu, kisha akaiongeza kuwa miezi sita, na baadaye ndipo ikawa ya maisha. Na hakukaa na ahadi hiyo peke yake kama mtu anayelinda ghala tupu. Tangu wakati ule alianza kwenda Misa kila siku alfajiri kabla ya kazi. Jioni, saa zile alizokuwa akikaa baa, alikaa kanisani. Inasimuliwa kwamba siku moja alivutwa mno akaingia baa, lakini mhudumu akachelewa kumsikiliza, akatoka; tangu siku hiyo akaacha kutembea na fedha mfukoni. Alilipa madeni yake. Yule mpiga fidla alimtafuta asimpate, akatoa fedha za Misa kwa ajili yake. Alifanya kazi ya mikono katika maghala ya mbao, na mwaka 1925, zaidi ya miaka arobaini baada ya ahadi ile, alianguka njiani akienda Misa, akafa. Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mheshimiwa mwaka 1975.

Najua mtasema huyu hakuoa, hakuwa na karo ya kulipa wala wakwe. Ni kweli. Lakini kiu yake ilikuwa ile ile ya baba anayepitia kituoni Kerugoya saa kumi na mbili jioni. Yeye hakuiacha nafasi ya pombe ikae wazi. Alimweka Mtu hapo.

Mtakatifu Augustino pia anajulikana kwenu, hasa akina mama wanaosali kwa Mtakatifu Monika. Alikwisha kusadiki kwamba imani ya Kikristo ni kweli, na bado hakuweza kuachana na maisha yake ya zamani. Aliomba usafi wa moyo huku akitumaini kwamba ombi lingekawia kujibiwa. Akabatizwa Pasaka ya mwaka 387. Akili ilikuwa imeshindwa zamani. Moyo ndio uliokuwa ukingoja kupenda kingine kilicho kizuri zaidi.

NYAATHA WA GIKONDI

Si lazima twende Ulaya, ingawa huyu nimtajaye sasa alitoka Italia. Mwenye heri Irene Stefani, Mtawa wa Consolata, alifika Kenya mwaka 1915, akawahudumia wapagazi wagonjwa wa vita vya kwanza, kisha toka mwaka 1920 akakaa Gikondi, hapa Nyeri, hadi kifo chake tarehe 31 Oktoba 1930. Alikufa kwa tauni, aliyoambukizwa alipokuwa akimwuguza mgonjwa. Wazee wetu walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma. Alipanda na kushuka vilima vile kwa miguu, akawaandikia watu barua za kuwapelekea jamaa zao waliokwenda kazi mbali. Mei 2015 alitangazwa Mwenye heri hapa Nyeri, na masalia yake yamo katika Kanisa Kuu letu.

Angalieni tarehe hizo. Mei 2015 tulimshangilia Nyaatha. Julai 2015 tulimwaga pombe. Njia mbili za kupigana na uovu zilipita katika nchi moja ndani ya majuma machache, na wengi wetu tunaikumbuka zaidi ile ya pili kwa sababu ilikuwa na kelele.

UHUSIANO HUU HUJENGWA VIPI?

Hujengwa kama ndoa inavyojengwa, kwa kuzungumza na kwa kukaa pamoja. Ninyi mnajua kwamba ndoa huanza kufa siku mume na mke wanapobaki kusemezana habari za mbolea na karo tu.

Zungumza na Mungu hata ukiwa umeanguka, na hasa hapo. Shetani hupenda sana kumwambia mlevi, "Usisali leo, unanuka." Sali hivyo hivyo unavyonuka. Itaje dhambi kwa jina lake: usiseme "udhaifu", sema "nimekunywa fedha za sare za shule". Kisha mwombe Bwana siku moja, si mwaka. Anayeomba nguvu za leo hupata nafasi ya kuomba tena kesho, na hivyo mazoea ya kusemezana yanaanza.

Usingoje Pasaka ili uungame. Nenda kila mwezi, na ikiwezekana kwa padri yule yule, maana daktari anayekufahamu hatakuuliza kila mara ulizaliwa wapi. Ekaristi Takatifu ikipokelewa vizuri hutuondolea dhambi ndogo na kutukinga na dhambi za mauti zijazo. Lakini aliye katika dhambi ya mauti lazima aungame kwanza. Ninyi mnaoishi pamoja bila ndoa ya Kanisa, wale wa "njoo tuishi", msikimbie Misa kwa aibu. Njoni, salini, na mkamwone Baba Paroko. Parokia nyingi hufunga ndoa za watu wengi siku moja, wala haihitaji keki ya orofa tatu.

Ziepuke nafasi za dhambi. Kama njia ya kurudi nyumbani inapita mbele ya baa, tafuta njia nyingine, hata ikiwa ndefu. Namba ya simu ya yule mwanamke ifute mbele ya macho ya mkeo. Upendo usiofuta namba ni maneno.

Tena fahamuni kwamba ulevi wa muda mrefu ni ugonjwa pia. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1735, inafundisha kwamba mazoea na mambo mengine ya nafsi yaweza kupunguza lawama ya mtu juu ya tendo lake. Hilo halimpi mtu ruhusa ya kunywa. Linamwondolea kukata tamaa. Aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akiacha kwa ghafula, aweza kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kushikwa na kifafa. Apelekwe hospitali asimamiwe na daktari. Sala na dawa hazigombani. Vikundi vya walevi walioacha, ambavyo mwanzo wake ni Marekani mwaka 1935, vimewasaidia wengi, na sharti lao la kwanza ni kukiri kwamba nguvu zako peke yako hazitoshi. Mkristo anayajua hayo tayari.

NENO KWA YULE ASIYEKUNYWA

Sasa nageukia kwako mama, na kwako baba uliye mwaminifu. Katika mfano wa mwana mpotevu (Luka 15) kuna kaka mkubwa. Hakutapanya mali, hakuwafuata makahaba, alifanya kazi shambani kila siku. Lakini ngoma zilipolia alikataa kuingia, na hata hakumwita yule mwingine ndugu yangu. Alimwambia baba yake, huyu mwana wako. Alikaa na baba yake miaka yote bila kumpenda. Je, wewe unayevaa sare ya Chama cha Wanawake Wakatoliki kila Jumapili, mumeo akirudi mapema siku moja, hana harufu yoyote, humwambiaje? "Baba watoto, karibu, chai iko tayari"? Au, "Leo zimekwisha?"

Usiwe polisi wake. Ukihesabu pumzi zake zote, utamfundisha kukuficha. Lakini pia usimfunike. Usimpigie tajiri wake simu kusema ana homa wakati amelewa, wala usilipe madeni yake ya baa kwa fedha za chama. Mwache ayaone matunda ya tendo lake, nawe umpende usoni, bila matusi.

Na hapa niseme wazi, kwa sababu maneno ya subira yamewaumiza wengi. Akikupiga wewe au watoto, upendo haukudai ubaki hapo usiku huo. Kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa inamruhusu mwenye ndoa kuondoka ikiwa mwenzake anahatarisha mwili au roho yake au ya watoto, na kama hatari ni ya haraka aweza kuondoka kwa uamuzi wake mwenyewe. Kifungo cha ndoa kinabaki. Wewe unabaki hai. Serikali nayo ina sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watu dhidi ya ukatili wa nyumbani. Nenda kwa jamaa, kwa padri, kwa chifu, kwa polisi. Kumsamehe waweza kumsamehe ukiwa mahali salama.

YA KUJADILIANA

Jioni moja wiki hii, watoto wakishalala, zimeni redio, simu mziweke chumba kingine, msome Yohane 21, kuanzia mstari wa 15 hadi wa 17. Kila mmoja ajibu kwa zamu, mwenzake akisikiliza bila kumkatiza. Je, ni dhambi ipi ambayo nimeiapia mara nyingi zaidi, na ni lini nilipozungumza na Mungu juu yake bila kuapa? Je, mimi ninakuangalia wewe kama polisi, kama kaka mkubwa, au kama mke, kama mume? Kama Bwana angekaa nasi hapa jikoni kando ya moto huu, akamwuliza kila mmoja wetu lile swali la Petro, tungemjibu nini?